Kuondoa koshoni kwa Msajili wa Ardhi, Kenya: huduma nzuri kwa anayekuja na karatasi zinazojibu dai

Huduma tunayoipima hapa ni ombi la mwenye shamba au ploti kwa Msajili wa Ardhi, ili koshoni (tahadhari inayowekwa na mtu anayedai haki juu ya ardhi, kuzuia isihamishwe bila ridhaa yake) iliyoandikwa kwenye rejista yake ifutwe chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Ni njia nafuu kuliko mahakama, sheria yake imeandikwa wazi, na hufika mwisho kwa mtu mwenye faili iliyopangwa. Anayekwenda na hatimiliki pekee akitarajia imalize kazi, huduma hii itamchosha. Sababu ni kwamba koshoni haiulizi kama jina lako liko kwenye rejista. Aliyeiweka anajua liko, na ndiyo maana akaiweka. Anachosema ni kwamba juu ya jina hilo naye ana haki yake, na hilo ndilo la kujibiwa.

Anza kwa kujua unaondoa nini. Lipia sachi rasmi, yaani upekuzi wa rejista, kisha uombe nakala ya rejista yenyewe iliyothibitishwa, ile kadi ya kijani kwa mashamba mengi, maana sachi huonyesha hali ya leo tu ilhali kadi inaonyesha historia nzima. Sehemu A inaeleza ardhi, B inamtaja mwenye ardhi, C inabeba mizigo kama deni la benki. Wengi hukimbilia C wakitafuta koshoni, kumbe mahali pake ni B, chini ya jina la mwenyewe: namba ya ingizo, tarehe, neno koshoni, jina la aliyeiweka, na maneno machache ya dai lake, mathalani kwamba anadai haki ya mnunuzi au haki ya mrithi. Hayo maneno machache ndiyo mtihani wote.

Angalia pia kama ni koshoni kweli. Kuna kizuizi cha Msajili mwenyewe, kinachowekwa kwa kifungu cha 76 kuzuia ulaghai au uhamishaji usiofaa. Hicho huondolewa kwa kifungu cha 78, baada ya wahusika kusikilizwa, na mahakama pia inaweza kukiondoa mwenye ardhi akiomba. Kuna zuio lililotoka mahakamani chini ya kifungu cha 68. Kwa hilo Msajili hana mamlaka hata ukimletea karatasi za kujaza toroli. Peleka amri ya mahakama inayolifuta. Ombi la kifungu cha 73 likipelekwa kwa zuio la mahakama hurudi lilivyokwenda, na muda umepotea bure.

Hatua ya pili ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: omba nakala ya koshoni yenyewe kutoka faili ya kipande hicho cha ardhi, pamoja na hati ya kiapo au tamko la kisheria lililoambatana nayo. Kifungu cha 71 kinampa Msajili uwezo wa kudai tamko hilo. Ndani yake utakuta dai limeelezwa kwa kirefu: alilipa kiasi gani, lini, kwa nani, mbele ya shahidi yupi. Ukiandika jibu kabla ya kulisoma unakisia. Na wakati mwingine utakuta karatasi ni tupu kabisa, hakuna mkataba, hakuna risiti, ni sentensi mbili za malalamiko. Hilo pia ni ushahidi wako, liandike kwenye ombi lako kwa maneno ya moja kwa moja.

Sasa umiliki wenyewe. Kifungu cha 26 kinasema cheti cha umiliki ni ushahidi wa kutosha kwamba aliyetajwa ndiye mwenyewe, ila kinaweza kupingwa kwa ulaghai au uwongo ambao mwenyewe alihusika nao, au ikiwa kilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2013 kwamba chimbuko la hatimiliki likipingwa, kuipeperusha hatimiliki hakutoshi. Sharti uonyeshe ulivyoipata kihalali. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Upeo ikaenda mbali zaidi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufukweni Nyali. Kwa vile ugawaji wa kwanza haukufuata utaratibu, mnunuzi wa baadaye hakuokolewa na dai la kununua kwa nia njema. Septemba mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ikasema barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki.

Kwa hiyo jenga mnyororo, kutoka kwa mwenyewe wa kwanza aliyeandikwa kwenye kadi hadi kwako. Aliyenunua shamba anahitaji mkataba wa mauzo, uthibitisho wa malipo kutoka benki, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kama ni ardhi ya kilimo, fomu ya uhamisho iliyosajiliwa, na risiti ya ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 mashambani na asilimia 4 mijini. Aliyerithi alete cheti cha kuthibitishwa kwa usimamizi wa mirathi, chenye orodha ya nani alipewa kipande gani. Barua ya chifu haishiki nafasi yake. Aliyepata kupitia kampuni au chama cha kununua ardhi, kama ilivyo kwa maelfu ya ploti za Nakuru na Kiambu, aweke cheti cha hisa, karatasi ya kura ya kugawana ploti, risiti za malipo ya upimaji na jina lake kwenye orodha ya wanachama. Mwenye ardhi ya skimu ya makazi, kwa mfano Kilifi au Lamu, aongeze barua ya ugawaji na hati ya kuonyesha mkopo wa skimu umelipwa na deni limeondolewa.

Pengo moja kwenye mnyororo si mwisho wa dunia, lakini litaje wewe mwenyewe kabla hajalitaja mwenzako, yaani aliyeweka koshoni. Kama risiti ya ushuru imepotea, omba nakala. Kama jina kwenye kadi limeandikwa kwa herufi tofauti na kitambulisho, au namba ya kitambulisho ina tarakimu iliyokosewa, tengeneza hilo kwanza: hati ya kiapo ya majina, au ombi la marekebisho kwa Msajili chini ya kifungu cha 79. Ombi la kuondoa koshoni lenye jina lisilolingana na rejista hukwama dirishani kabla hata halijasomwa.

Lililo gumu zaidi ni kupima dai la upande wa pili. Koshoni nyingi huangukia kwenye mafungu machache, na kila fungu lina jibu lake.

Mdai ambaye ni mkopeshaji, dalali anayedai kamisheni, au fundi ambaye hakulipwa ndiye rahisi kuliko wote. Kifungu cha 71 kinataka mtu anayedai haki ya kupata maslahi katika ardhi, kwa mkataba au vinginevyo. Deni la pesa bila rehani juu ya ardhi si maslahi ya ardhi. Onyesha kwamba karatasi zake zenyewe zinataja mkopo tu, na uongeze kwamba njia yake ni kesi ya madai. Hapa huduma hii hung'aa.

Mnunuzi ambaye mauzo yake yalivunjika ni mzito kidogo. Leta mkataba, notisi ya kukamilisha uliyompa, barua ya kuuvunja mkataba, na uthibitisho kwamba amana (malipo ya awali) ilirudishwa au ilipotea kwa mujibu wa masharti. Kama bado umeshikilia pesa zake na umemwacha alime, usitegemee Msajili akufutie koshoni. Wapo wanaotegemea Sheria ya Udhibiti wa Ardhi: kwamba ombi la idhini halikupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba, hivyo mauzo ya shamba ni batili. Hoja hiyo ina nguvu, na mahakama imeitumia mara nyingi, lakini majaji wengine wamemlinda mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba kwa msingi wa usawa na wa amana kwa maana nyingine, yaani muuzaji kushikilia ardhi kwa niaba ya mnunuzi. Itumie pamoja na risiti ya kurudisha pesa, isisimame peke yake.

Mume au mke ni habari nyingine. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, inasema wazi kwamba mwanandoa ana maslahi katika mali ya ndoa yanayoweza kulindwa kwa koshoni. Anayetaka kuiondoa aonyeshe kwamba kipande si mali ya ndoa, au kwamba ndoa ilikwisha na mali ikagawanywa kwa amri, au kwamba mwenzake ametoa idhini ya maandishi. Bila mojawapo ya hizo, kaeni mezani mkubaliane. Tunasema hivi kwa uzito: koshoni ya mwanandoa mara nyingi ndiyo kitu pekee kinachozuia watoto kulala nje, na hatuoni ubaya Msajili akisita kuiondoa.

Halafu kuna ndugu na watoto. Mtoto anayedai urithi kwa mzazi aliye hai ana dai dhaifu, kwa kuwa mirathi huanzia kifo. Lakini akidai kwamba shamba ni la ukoo, na baba aliandikishwa tu kwa niaba ya wenzake, hilo ni dai la amana ya kimila. Mahakama ya Upeo ilithibitisha mwaka 2018 kwamba amana kama hiyo huifunga ardhi hata isipoandikwa kwenye rejista. Hapo hatimiliki yako haijibu chochote. Panahitajika ushahidi wa namna shamba lilivyopatikana: je, baba alilinunua kwa mshahara wake, au aligawiwa wakati wa ujumlishaji wa mashamba (kuunganisha vipande vilivyotawanyika) kama mzee wa nyumba? Nani wamekuwa wakiishi na kulima, na tangu lini? Nani wamezikwa pale? Msajili hana nafasi wala muda wa kuchambua hayo kwa mashahidi kumi, na mara nyingi atawaelekeza mahakamani. Ukiona dai ni la aina hii, okoa miezi yako uende huko mapema.

Ukishajua fungu, andika hati ya kiapo. Nyingi zinazopelekwa ni dhaifu kwa namna ileile: "Mimi ndiye mmiliki halali na koshoni hii ni ya nia mbaya." Sentensi hiyo haimsaidii Msajili kuamua chochote. Iliyo na kazi husema hivi: "Nilimrudishia mdai shilingi 400,000, ambazo ni amana yote iliyotajwa katika aya ya 3 ya tamko lake, kwa uhamisho wa benki wa tarehe fulani, nakala ya taarifa ya benki ni kiambatisho cha 4." Kila aya ijibu aya ya tamko lake, kila kiambatisho kiwe na namba na muhuri wa kamishna wa viapo, na mwishoni useme koshoni inakuumiza vipi, kwa mfano mkopo uliosimama au mnunuzi anayesubiri. Ambatisha sachi mpya, nakala ya kadi, hatimiliki, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), na nakala ya koshoni. Peleka seti mbili na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hatimiliki halisi usiiache ofisini bila kupewa risiti. Wao waione na kuirudisha.

Kwa ardhi iliyokwisha kuingizwa Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Nairobi tarehe 27 Aprili 2021, maombi huanzia kwenye akaunti yako, na hati hupakiwa badala ya kupangiwa foleni. Tunaupenda kwa jambo moja kubwa: ombi lina namba na hatua zake zinaonekana, kwa hiyo karatasi haiwezi kudaiwa kuwa haikufika. Udhaifu wake ni kwamba haujafika kaunti zote. Pia, ploti nyingi za Nairobi zilibadilishwa namba, zile za zamani za L.R. (Land Reference) zikawa za bloku. Koshoni iliyowekwa kwa namba ya zamani inaweza isionekane vizuri kwenye mpya, au ikahamishwa bila karatasi zake za msingi. Taja namba zote mbili kwenye ombi na uambatishe ukurasa wa Gazeti Rasmi wenye orodha ya ubadilishaji. Ada ilipwe kwa ankara ya eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, namba ya malipo 222222. Anayekutajia namba ya simu yake mwenyewe si karani wa ada.

Baada ya kupokea ombi, Msajili humpelekea aliyeweka koshoni notisi ya kumwonya kwamba itaondolewa muda uliotajwa ukiisha. Kwa kawaida ni siku 30. Asipopinga, Msajili anaweza kuifuta. Akipinga kwa maandishi ndani ya muda, pande zote husikilizwa na Msajili hutoa amri, pamoja na gharama akiona inafaa.

Mahali ombi hufia ni hapohapo kwenye notisi. Hutumwa kwa anwani iliyo kwenye koshoni, ambayo huenda ni sanduku la posta lililofungwa miaka mingi. Omba nakala ya notisi na risiti ya barua ya rejista, uziweke. Kama una anwani mpya au wakili wa mwenzako unamjua, mpe Msajili kwa maandishi aitumie pia. Kuficha anwani unayoijua ni kosa baya: koshoni itafutwa, kisha mwenzako ataonyesha hakupewa nafasi ya kusikilizwa, na amri itatenguliwa ukiwa umeshauza. Kama aliyeiweka amefariki, mwanawe hawezi kutia sahihi tu badala yake. Tafuta msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Siku ya kusikilizwa, Msajili ana uwezo wa kuita watu, kuwaapisha na kudai hati, kwa kifungu cha 14. Beba nakala halisi za kila kiambatisho. Ongea kwa ufupi juu ya dai la mwenzako, usianze na historia ya ugomvi wa kijiji. Omba amri itolewe kwa maandishi yenye sababu, kwa kuwa asiyeridhika anaweza kulipeleka suala Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa kifungu cha 86, na amri isiyo na sababu huwa nyepesi kule.

Kabla ya yote haya, jaribu makubaliano. Aliyeweka koshoni anaweza kuiondoa mwenyewe kwa fomu aliyoitia sahihi mbele ya wakili, na hakuna notisi wala kikao. Kama kuna pesa za kumrudishia, ziwekwe kwa wakili hadi fomu isajiliwe na sachi mpya itoke safi. Anayelipa kwanza na kusubiri sahihi baadaye hujitia kwenye mashaka yasiyo ya lazima.

Mahakama iwe kwa madai ya amana, ya ulaghai, au pale Msajili anapokaa na ombi bila kulijibu. Si lazima iwe Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mahakimu waliopewa mamlaka ya ardhi husikiliza pia, hadi thamani ya shilingi milioni 20 kwa hakimu mkuu. Ila jaji akiona umiliki wenyewe unabishaniwa, mara nyingi ataiacha koshoni ikae hadi kesi iishe.

Koshoni ikifutwa, fanya sachi siku hizohizo na uhakikishe ingizo limekatwa kwenye rejista, si kwenye barua tu. Vyeti vya kodi ya ardhi na idhini za uhamisho huenda vimepitwa na muda wakati ukisubiri, kwa hiyo vihuishe mapema. Mtu yuleyule akirudi na koshoni nyingine juu ya jambo lilelile, mwandikie Msajili ukitaja kifungu cha 74, kinachomruhusu kuikataa, hata ikiletwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Na kama mauzo yalikuvunjikia kwa koshoni isiyo na sababu ya maana, kifungu cha 75 kinakupa haki ya kudai fidia mahakamani. Barua ya mnunuzi aliyejiondoa, yenye tarehe na bei, ndiyo itakayopima hasara hiyo, basi iombe angali anapokea simu yako.